Wakazi wa Lamu waulizwe kabla ya kuletewa kamanda wa polisi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna makamanda wa polisi wanavyoletwa hapa Lamu. Kila panapotokea uhamisho, sisi wakazi hupata habari redioni au kwa wachuuzi wa samaki gatini, aliyekuwapo akiwa keshafungasha na mrithi wake yuko njiani. Hatuulizwi anayeondoka alifanya jema gani linalofaa kuendelezwa, wala anayekuja anahitajiwa kwa lipi.

Hali hii inashangaza kwa sababu huko juu kabisa tunaulizwa. Kifungu cha 245 cha Katiba kinataka mtu anayependekezwa kuwa Inspekta Jenerali aidhinishwe na Bunge, na Douglas Kanja alipopendekezwa mwaka 2024, wananchi walialikwa kuwasilisha maoni yao. Ikiwa neno la mkazi wa Lamu lina uzito kuhusu afisa wa Nairobi ambaye huenda wasionane maisha, linakosaje uzito kuhusu yule atakayeamua doria ipite wapi na mlalamishi apokewe vipi kituoni?

Mwaka jana mpwa wangu, ambaye ni mvuvi wa wavu wa jarife, alizuiliwa hadi jua likachomoza na maafisa wa doria waliotaka kujua mtu mwenye nia njema anatafuta nini baharini saa tisa usiku. Aliwaeleza kwamba lilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na kwamba mvuvi asiyefuata maji atakwama mchangani yakishapwa. Walimwachilia bila kumfungulia shtaka lolote, lakini barafu ilikuwa imeyeyuka kashani na samaki wa usiku kucha wameharibika. Sidhani kwamba walikuwa watu wabaya. Walitoka bara, na hapakuwa na aliyewaeleza kwamba hapa saa ya kazi hupangwa na mwezi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 kaunti hii iliwekewa kafyu, na wavuvi wakakatazwa kuvua usiku. Hatari ilikuwepo, nami siipuuzi hata kidogo, lakini njaa iliyoingia katika nyumba za wavuvi ilikuwepo pia, na tulihitaji kamanda wa kuyapima yote mawili.

Najua kwamba kifungu cha 246 kimeipa Tume ya Kitaifa ya Huduma za Polisi mamlaka ya kuajiri, kupandisha vyeo na kuhamisha maafisa. Sitaki mamlaka hayo yatolewe huko yakabidhiwe wanasiasa wa kaunti, kwani tungeishia kuwa na polisi wa mtu mmoja. Wala sidai kamanda awe mzaliwa wa hapa. Akitoka Turkana na ana masikio ya kusikiliza, tutampokea kwa mikono miwili. Huko Chicago, tangu sheria ya mji ya mwaka 2021, tume ya raia ndiyo inayomsaka mkuu wa polisi na kumpelekea meya majina matatu, na ndivyo Larry Snelling alivyopatikana mwaka 2023. Sisi hatuombi kufika umbali huo.

Tunachoomba ni kusikilizwa kabla ya uteuzi, na mlango upo tayari. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 kinaanzisha Mamlaka ya Polisi katika kila kaunti, chini ya gavana au mwakilishi wake, pamoja na raia wasiopungua sita kutoka kwa wafanyabiashara, viongozi wa dini, wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kuwashirikisha wananchi katika masuala ya polisi ni miongoni mwa kazi zake. Basi na iitishe mabaraza katika uwanja wa Mkunguni hapa mjini, Faza, Kizingitini, Kiunga, Witu na Mpeketoni. Wavuvi watasema habari ya bahari, na akina mama watasema habari ya unga wa kulevya unaouzwa vichochoroni na kuwamaliza watoto wao. Maneno hayo yaandikwe na kuwasilishwa kwa Tume, nayo iyatumie inapopima nani anafaa kuja Lamu.

Kisha kamanda huyo akishafika, aletwe Mkunguni asomewe yaliyoandikwa, mbele yetu, na baada ya mwaka mmoja arudi hapo hapo atueleze alipofikia.

Mkazi wa Langoni,
Lamu