Barua ya malalamiko: mmebadilisha reki ya usukani, ugonjwa mmeuacha

Isevya,
Tabora.

Meneja wa Karakana,
Tabora.

Ndugu Meneja,

YAH: KUBADILISHIWA REKI NA PAMPU BILA GARI KUPIMWA, NA KUKABIDHIWA GARI LISILO NA KOTAPINI (PINI YA KUZUIA NATI ISIFUNGUKE)

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mwenye Toyota Noah ya zamani, toleo la SR40, iliyotembea kilomita 341,000. Ndiyo ninayobebea asali kutoka vijiji vya Sikonge kuja mjini. Nilipoileta kwenu nilimweleza aliyenipokea shida yake, naye akaandika. Usukani ulikuwa mzito, na ukishakata kona haurudi wenyewe mpaka uurudishe kwa mikono. Kwenye lami ya kwenda Nzega gari linang'ang'ania upande uliokata mwisho, njia nzima unalirekebisha. Nikasema pia kwamba shida ilianza kidogo kidogo baada ya masika, kwamba pampu ya usukani haipigi kelele na mafuta ya usukani hayapungui.

Kijana wenu alitazama kilomita kwenye dashibodi, akasema gari la umri huu ni reki, yaani chuma kinachosukuma magurudumu ya mbele kushoto na kulia usukani ukizungushwa, na pampu. Halikupandishwa jeki. Hakuna aliyeingia uvunguni. Reki ya mtumba 480,000, pampu 220,000, ufundi 90,000. Nililipa shilingi 790,000 kwa mkupuo kwa sababu gari hilo ndilo linalotulisha nyumbani.

Siku ya kulichukua, usukani ulikuwa mzito vilevile. Nikaambiwa reki ikizoea italegea. Niliporudi siku ya nne mkaongeza mafuta, wiki iliyofuata mkajaza upepo matairi. Mara ya tatu nikaambiwa, "Mama, gari la kilomita nyingi ndivyo lilivyo."

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Juma lililopita nilikuwa natoka Kitunda na madumu 18 ya asali, nikiwa na shemeji yangu na mtoto wake. Kila tukiingia shimo, kitu kinagonga gurudumu la kushoto. Kisha usukani ukaanza kucheza, naugeuza na gari halijibu upesi. Tukatambaa mpaka Ipole. Fundi wa pale, mzee wa makamo, alipandisha jeki akaniita nione kwa macho yangu: nati ya tairodi ya kushoto, fito inayounganisha reki na gurudumu, ilikuwa imebaki na nyuzi chache tu ianguke, na kitundu cha kotapini kilikuwa kitupu. Upande wa kulia kotapini ilikuwepo.

Ndugu Meneja, wewe ni mtu wa kazi hii, unajua kwa kawaida reki haitolewi bila kufungua nati za tairodi zote mbili. Aliyezifungua ni fundi wenu na aliyezifunga ni fundi wenu. Kotapini ndiyo inayoizuia nati isijifungue kwa mtikisiko wa barabara. Nati ile ingetoka, gurudumu la kushoto lingeachana kabisa na usukani, na humo ndani mlikuwa na mtoto wa miaka sita. Tangu siku ile shemeji hapandi tena gari langu, wala simlaumu.

Baada ya kufunga nati na kuweka kotapini mpya, yule mzee aliniuliza kwa nini reki ilibadilishwa. Nilipomweleza, akafanya jambo lililochukua kama dakika ishirini. Magurudumu ya mbele yakiwa hewani na injini imezimwa, akazungusha usukani: mzito, unakwamakwama. Akachomoa tairodi pande zote mbili, akazungusha tena, safari hii kwa mkono mmoja, laini. Hapo reki ikawa imeshajitetea. Kisha akashika gurudumu moja moja na kuligeuza. La kulia lilikwenda vizuri. La kushoto liligoma kama bawaba yenye kutu. Akaniambia niweke kiganja kwenye springi huku akiligeuza. Springi haikuruka, kwa hiyo beringi ya juu ya shokapu nayo ni nzima. Ikabaki boljointi ya chini, kifundo kinachoshikilia gurudumu na kuliacha ligeuke. Raba yake ilikuwa imechanika, grisi imekwisha, ndani ni maji, vumbi na kutu. Ndiyo iliyokuwa inabana gurudumu lisirudi. Boljointi mpya ililetwa na basi kutoka Tabora kesho yake, 45,000, na ufundi 20,000. Sasa usukani unarudi wenyewe.

Jibu lenu kwamba kilomita ni nyingi silikubali hata kidogo. Gari likichakaa, vitu vingi huchoka kwa pamoja na dalili zao hufanana: usukani mzito unaweza kuwa mkanda wa pampu, mafuta, upepo wa matairi, reki au boljointi. Ndiyo maana gari kuukuu linahitaji kupimwa zaidi ya jipya. Mafuta ya usukani wangu hayakuwa yakipungua. Nani aliziminya raba za reki aone kama kuna tone lililovuja?

Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yalingane, nayo haikufanywa baada ya kufunga reki, wala sikuambiwa nikafanye. Matairi mawili ya mbele, niliyoyanunua mwaka huu, yameliwa ukingo wa ndani.

Naomba mnirudishie 790,000, na 65,000 niliyolipa Ipole, mfanye alaimenti kwa gharama yenu na mnilipe matairi hayo mawili. Reki na pampu yangu ya awali nirudishiwe. Niliziuliza nikajibiwa hazipo. Kama kweli mmezitupa, basi hizi mlizofunga zibaki badala yake, kwa kuwa mlitupa vitu vizima vya mteja bila idhini yake.

Lakini lililo juu ya pesa ni hili: pitieni daftari lenu, muwapigie simu wateja wote waliofunguliwa tairodi na fundi huyo, magari yao yakaguliwe kotapini bure. Wengine wanabeba abiria kwenda Urambo na Kaliua kila siku. Kazi hiyo ianze leo, hata kabla hatujamalizana mimi na ninyi.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipokuja nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji.

Nimeambatisha nakala ya risiti zenu, risiti ya Ipole na picha za nati nilizopiga kabla haijakazwa. Boljointi iliyotolewa ninayo nyumbani, nitaileta mtakaponiita.

Wenu,

Mama muuza asali, Isevya