Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakulima wa Matikiti na Maboga, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wajumbe wa kamati, mwenyekiti wa kijiji, bwana shamba wetu na nyote mliofika: assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na habari za asubuhi.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Mbegu tulinunua kwa pamoja mwezi Mei. Wengi mlichukua Sukari F1, wachache mkabaki na Sugar Baby. Waliopanda kabla masika hayajakatika walipigwa na ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, majani yakaisha matunda yakiwa bado machanga. Wenzetu wanne walikwenda Nane Nane Morogoro wakarudi salama. Kiangazi, fuso 38 zilipakia hapa bonde la Ruvu kwenda masoko ya Temeke Stereo na Mabibo, Dar es Salaam.

Fedha: bakaa ya mwaka jana sh 840,000, ada sh 611,000, ushuru wa fuso sh 380,000, jumla sh 1,831,000. Matumizi: mizinga ya nyuki sh 1,080,000, kodi ya ghala sh 240,000, usafiri na karatasi sh 160,000, shamba darasa sh 95,000. Zimebaki sh 256,000. Mweka hazina ana stakabadhi zote, anayetaka kuziona azione leo.

Sasa nije kwenye mizinga. Nimesikia, na wengine mmeniambia usoni, kwamba mwenyekiti alichukua fedha za mashine ya maji akanunulia nyuki. Naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Jambo hili lilianzia Temeke. Msimu wa 2024 nilipeleka mzigo wangu mwenyewe wa matikiti sokoni. Dalali aliyatenga mafungu mawili: yaliyojaa pande zote huku, yaliyopinda shingo kama kibuyu kule, na haya ya pili akayapa nusu ya bei. Nilirudi na moja, nikalipasua mbele ya kamati hapa hapa chini ya mwembe. Upande ulionenepa, mbegu zilikuwa nyeusi, zimejaa. Upande uliosinyaa zilikuwa nyeupe, pepe, hazina kitu ndani.

Bwana shamba alitueleza sababu, na nairudia kwa ambao hawakuwepo. Mtikiti mmoja hutoa maua ya aina mbili. Madume huja kwanza, tena kwa wingi. Kwa ua jike moja unaweza kuhesabu madume saba. Ndiyo maana kila mwaka kuna mkulima mgeni anayenipigia simu usiku kwamba maua yake yanadondoka bila kuzaa. Ni madume hayo, kazi yao imekwisha. Ua jike utalijua kwa kitikiti chenye manyoya kilicho chini yake, kadogo kama gololi. Linafunguka asubuhi jua likichomoza, mchana linafumba, na halifunguki tena. Chavua ya tikiti, ule unga wa ua dume, inanata, upepo hauibebi. Asipopita mdudu asubuhi ile, hakuna tunda. Akipita mara moja mbili, tunda linashika upande, kwa sababu penye mbegu zilizojaa ndipo nyama inaponenepa. Ua moja linataka nyuki watue mara nane au zaidi.

Na sisi asubuhi hizo tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa na mabomba mgongoni tunapiga dawa.

Kamati ikaamua mambo mawili: kununua mizinga 12, na kupiga marufuku dawa za wadudu kabla ya saa kumi jioni shamba likiwa limechanua, faini sh 20,000. Mnasema hatukuuliza mkutano mkuu. Tuliitisha mara tatu! Wanachama ni 64, katiba inataka nusu. Mara ya kwanza walikuja 17, ya pili 21, ya tatu 14, na siku hiyo ya tatu nilikaa hapa tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri. Maua hayasubiri akidi.

Mnasema fundi wa mizinga ni shemeji yangu. Ni kweli, na kamati ilijua. Alitutoza sh 90,000 kwa mzinga, na bei za mafundi wengine wawili zilikuwa juu ya hiyo. Mnasema mizinga mitano iko karibu na shamba langu. Iko pale kwa sababu pana kivuli na maji, na nyuki huruka hata zaidi ya kilomita mbili kutafuta chakula. Hawamfanyii kazi mwenyekiti peke yake.

Kuna pia waliosema nyuki watachanganya maboga na matikiti, na kwamba matikiti ya mwaka huu yalipooza, hayakuwa na utamu, kwa sababu hiyo. Tikiti, boga, tango, mung'unye na dodoki ni ukoo mmoja, lakini tikiti na boga havizaliani. Boga asili yake ni Amerika, tikiti ni la hapa hapa Afrika. Hata tikiti likipata chavua ya tikiti la aina nyingine, utamu wa nyama unabaki wa mmea mama. Kinachobadilika ni mbegu, na hilo limhusu anayetunza mbegu za kupanda mwakani. Tikiti lililopooza limemwagiliwa mno wiki ya mwisho, au limevunwa bichi, kikono kilicho karibu na tunda hakijakauka.

Mwezi Agosti nilikuta nyuki wamelala mlangoni mwa mizinga mitatu, wamekufa, ndimi zimewatoka nje. Niliwazoa kwa mikono nikajaza sahani mbili. Aliyepiga dawa asubuhi ile namjua, naye anajua. Simtaji, ila faini haijalipwa. Tumebaki na mizinga 9, na wataalamu wanashauri mzinga mmoja hadi miwili kwa ekari, kwa hiyo anayesema haitoshi anasema kweli. Hata hivyo, katika mzigo wangu wa mwisho wa matikiti kama 400, dalali alitenga yaliyopinda 30 tu. Nisingesimama kidete, tungekuwa bado tunauza vibuyu.

Ada. Ni sh 2,000 kwa mwezi, bei ya soda mbili tatu. Tulitakiwa kukusanya sh 1,536,000. Deni ni sh 925,000. Wadaiwa wakubwa ndio waliouliza kwa sauti fedha za mashine ziko wapi.

Mwakani tunatarajia kuongeza mizinga, kupata mashine ya maji kadiri hali itakavyoruhusu, na kumwomba bwana shamba atufundishe kupandikiza miche ya tikiti juu ya shina la mung'unye ili kuepuka mnyauko, kama Wajapani walivyoanza miaka ya 1920. Ramadhani itaingia katikati ya Februari. Anayetaka soko lile aweke mbegu ardhini Novemba hii, na bomba alishike jioni.

Mweka hazina amekaa pale mezani na kitabu cha ada.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti