Salamu za shukrani kwa mliomsindikiza baba yetu, mpiga gitaa la jazi

Mama yetu, sisi watoto, wajukuu na wanamuziki waliopiga na marehemu tunawashukuru ndugu, jamaa, majirani na marafiki mlioshirikiana nasi kwa hali na mali tangu alipougua hadi tulipompumzisha. Madaktari na wauguzi mliomhudumia, asanteni sana. Si rahisi kumtaja kila mmoja, lakini yapo mambo ambayo hatuwezi kuyashukuru kwa jumla.

La kwanza ni bendi iliyopiga siku ya mazishi. Kijana aliyekalia kiti cha rithim, yaani gitaa linaloshika mapigo ya bendi, hakuchukua solo hata moja, na wote tunajua solo anaziweza. Alipiga mapigo manne katika kila bari (kipimo kimoja cha wimbo), na kila kodi (noti zinazopigwa pamoja, siyo ya mapato) ilikuwa na noti tatu tu: uzi wa sita ulio mnene zaidi, wa nne na wa tatu. Uzi wa tano aliuzima kwa ubavu wa kidole kilichobonyeza wa sita. Nyuzi mbili nyembamba hakuzigusa, maana huko juu ndiko anakopita mwimbaji na mkono wa kulia wa piano. Baada ya kila pigo alilegeza vidole bila kuviondoa kwenye nyuzi. Asiyelegeza, kodi moja humwagikia inayofuata na besi ikamezwa. Anayelegeza mapema mno hubaki na mkwaruzo usio na noti. Wapo waliotuuliza kama gitaa lilikuwa limechomekwa kwenye amplifaya. Lilikuwa limechomekwa, na sauti ilikuwa chini vile vile alivyoizoea marehemu. Alipoacha kupiga kwa bari nane tu, mlisikia wenyewe drams na besi zilivyoanza kutafutana.

Tunawashukuru pia walioandika rambirambi. Wengi mlimlinganisha na Wes Montgomery, mpiga gitaa la jazi wa Marekani, na tunajua mlimaanisha heshima. Ila Montgomery aliacha piki (kibao kidogo cha kupigia nyuzi) kabisa akapiga kwa dole gumba, na oktavu zake, noti ileile ya juu na ya chini kwa pamoja, zilikuwa mbele ya bendi. Baba alishika piki karibu muda wote. Dole gumba lilikuwa la nyimbo za taratibu, bendi ikibaki watu watatu. Mtu wake alikuwa Freddie Green, mpiga gitaa la rithim aliyekaa na bendi ya mpiga piano Count Basie tangu 1937 hadi kifo chake mwaka 1987, ukiondoa kipindi kifupi karibu na 1950, na solo zake ni za kuhesabu. Nyuzi za Green ziliinuliwa juu sana kutoka kwenye shingo ili gitaa lisilo na umeme lipenye katikati ya tarumbeta na saksafoni. Baba alijaribu urefu huo akaushusha kidogo: uzi ulio juu mno, ukiubonyeza hadi kwenye freti (vyuma vilivyokatiza shingo), noti hupanda na kuachana na piano.

Fundi aliyelitunza gitaa lake wakati wa ugonjwa tunamshukuru kwa namna ya pekee. Daraja la gitaa la aina ile, kibao kinachobeba nyuzi juu ya tumbo lake, halikugundishwa. Linashikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake. Ukizitoa zote sita kwa pamoja linahama, na kulirudisha kwa macho hakutoshi. Alizibadilisha moja moja, nyuzi laini zilizoviringwa kwa utepe bapa, wa kwanza ukiwa na unene wa inchi 0.013. Kisha akalinganisha mlio mwepesi juu ya freti ya 12 (uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa) na noti yenyewe ikibonyezwa hapo hapo. Noti ikiwa juu kuliko mlio, daraja husogezwa mbali na shingo, ikiwa chini, hukaribishwa. Unyevu wa hewa ndani ya boksi aliuweka kati ya asilimia 45 na 55, ndiyo maana ubao wa juu haukupasuka.

Sasa kuna ombi ndani ya shukrani hizi. Jina la baba halipo kwenye majalada mengi ya santuri alizopigia, kwa kuwa mara nyingi aliandikwa kiongozi wa bendi, na pengine mpiga saksafoni, basi. Walioanza kutuletea picha za santuri hizo wametusaidia kuliko wanavyodhani. Mwenye nyingine apige picha ya lebo za pande zote mbili pamoja na namba iliyochongwa kwenye sehemu tupu karibu na lebo, kwa sababu jalada linaweza kuwa la chapa nyingine. Tafadhali msiongeze jina lake kwa kukisia. Dalili yetu ya kumtambua ni hii: besi ikishashika noti ya msingi ya kodi, yeye huiacha, akabaki na noti ya tatu na ya saba kutoka hiyo ya msingi, kwenye nyuzi za nne na tatu. Wapo wengine waliofanya hivyo, kwa hiyo hiyo ni dalili tu, haijawa ushahidi.

Kuhusu kanda: kaseti vunjeni vile vidude viwili vya juu ili isirekodiwe tena kwa bahati mbaya. Tepu za rili, zile za magurudumu, msizipige kwanza kuona kama zinafanya kazi. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980 gundi yake imevuta unyevu; zikipita kwenye kichwa cha mashine kinachozisoma huvuja utando wa kahawia na kulia, na kinachobanduka ndiyo muziki wenyewe. Hizo hupashwa joto la nyuzi 54 hivi za Selsiasi kwa saa nane au zaidi, katika kifaa kinachodhibiti joto, kamwe si maikrowevu, ndipo zinakiliwe mapema kabla hazijanata tena. Za asetati, aina ya plastiki ya zamani, hazipashwi joto hata kidogo. Zielekezeni kwenye taa, rili ya asetati hupitisha mwanga. Mliojitolea kunakili kidijiti kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 96, na kurekebisha mwinamo wa kichwa cha mashine kwa kila tepu, tunawashukuru mno. Karatasi zilizomo ndani ya maboksi msizitupe, hata zilizofutika. Kwenye mojawapo tumekuta mwandiko wake, umetaja majina ya bendi nzima isipokuwa lake.