Jiko langu lahesabiwa, kifaru je?

Mhariri, salamu kutoka Yumbe, huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda.

Mie nauza muhogo wa kukaanga hapa sokoni, na wiki iliyopita kuna shirika lilitufanyia semina, tukaambiwa majiko yetu ya makaa ndo yanamaliza miti na kuharibu hali ya hewa, kila mmoja akaulizwa anachoma magunia mangapi kwa mwezi na msichana mmoja akawa anaandika kwenye tableti. Sikubisha, manake miti imeisha kweli. Ila nikajiuliza, kifaru cha vita kinakunywa dizeli kiasi gani na nani anakiandika?

Hakuna anayelazimishwa kukiandika. Kwenye mkataba wa hali ya hewa wa Kyoto 1997 Marekani ilishinikiza moshi mwingi wa majeshi uwekwe kando, halafu kwenye mkataba wa Paris 2015 wakaacha kila nchi iamue yenyewe kama itasema majeshi yake yanatoa kiasi gani. Yani mie wa jiko moja naandikwa, ndege za vita ni hiari ya mwenyewe!

Sisi watu wa West Nile vita na miti tunavijua pamoja. Amin alipoanguka 1979 wazee wetu walikimbilia Sudan na Zaire, na mama anasema huko walikata miti ya wenyeji mpaka wakagombana nao. Huku nyuma kifaru mweupe wa hifadhi ya Ajai, huyu mnyama sasa, bunduki zikammaliza, kufika 1983 Uganda nzima haikuwa na kifaru hata mmoja porini. Cha chuma ndo kikabaki na jina.

Halafu 2016 ikawa zamu yetu kupokea. Vita vililipuka Juba, Sudan Kusini, mwezi Julai, Agosti kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi ikafunguliwa hapa Yumbe, na kabla mwaka haujaisha walishaingia watu zaidi ya 250,000, kila familia inataka fito za nyumba na kila sufuria inataka kuni, pori ambalo tulikuwa tunaogopa kupita jioni sasa unaona mtu akija kutoka mbali kabisa. Siwalaumu wakimbizi, mama yangu alifanya vilevile, na mtoto akilia njaa utamwambia asubiri mpaka mtu apande mti? Lakini hizo bunduki hazitengenezwi Juba, na aliyeziuza sikumwona kwenye semina.

Na vita si lazima iwe jirani. Urusi ilipoingia Ukraine 2022 petroli hapa Uganda ilipita shilingi 6,000 kwa lita, mafuta ya kupikia yakapanda, sabuni ikapanda. Rais Museveni akasema kama mkate hakuna tule muhogo, nikafurahi kidogo, biashara yangu hiyo, ila muhogo wangu unakaangwa na mafuta mzee wetu, haukaangwi na maji.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshaacha makaa. Nilinunua mtungi mdogo wa gesi kwa pesa ya kikundi, moto safi, macho hayawashi. Bei ya kujaza ilivyopanda nikarudi kwenye gunia, na mtungi mpaka leo uko chini ya meza, mwanangu anaukalia akifanya homuwaki. Yule msichana wa tableti nilimwonyesha. Akasema kwenye fomu yake hakuna pa kuandika hayo, akaniuliza tena, magunia mangapi?

Muuza muhogo,
Yumbe