Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kijito Chetu, Mvua na Fedha za Serikali, Malindi

Wazee wetu, kina mama, vijana na wanachama wote, asalaam aleikum na hamjambo.

Taarifa hii ni ya mwaka wa fedha 2024/2025 uliofungwa tarehe 30 Juni 2025. Ada na daftari la wanachama yatasomwa na mweka hazina. Mimi nashika jambo moja: fedha za kuzuia mafuriko ya kijito chetu hutengwa, lakini huteremka maji yakiwa yameshafika mlangoni.

Chanzo ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Bajeti ikishapita kuna zabuni, tathmini na mkataba. Kazi ya Julai humpata mkandarasi Machi au Aprili, masika yakibisha hodi, na mtaro uliojaa maji hauchimbiki. Kisha 30 Juni ikifika, idhini ya fedha ambazo hazijatumika hukoma, na mradi huanza upya kuombwa. Hapa kwetu vipindi vya kuchimba ni viwili tu: Januari hadi katikati ya Machi, na Julai hadi Septemba. Mkataba usiotiwa saini kufikia Desemba ni sawa na mkataba uliokosekana.

Kosa la pili liko ndani ya mkataba wenyewe. Kazi ya mtaro ilipimwa kwa mita za urefu: safisha mita kadhaa, ulipwe. Tope likachotwa na kulazwa ukingoni, na mvua ya kwanza ikalirudisha. Piga hesabu ya mtaro wa upana wa mita 1 wenye tope la nusu mita: kila mita 100 zina mita 50 za ujazo, yaani safari 12 au 13 za lori la tani 7. Kama orodha ya gharama haina mstari wa lori, tope halina pa kwenda. Tumeiandikia ofisi husika tukitaka maneno haya yaingie kila mara: kuchimba, kupakia, kusafirisha na kumwaga mahali palipoidhinishwa, kwa mita za ujazo.

Kalavati nazo, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara. Bomba la milimita 600 lililojaa mchanga hadi theluthi ya kimo chake limeshapoteza zaidi ya robo ya nafasi yake, kabla hujahesabu mifuko na matawi. Bomba la milimita 900 kwenye mteremko uleule hupitisha karibu mara tatu ya lile la 600. Ndiyo sababu tunasisitiza bomba moja pana badala ya mawili membamba: hata takataka hupita kwa urahisi. Sehemu ya kutokea maji isakafiwe kwa mawe, la sivyo maji huchimba shimo chini ya bomba na barabara huning'inia.

Mlango wa kijito, pale ufukweni, ndio mgumu kuliko yote. Mto Sabaki humwaga tope lake kaskazini ya mji, na kaskazi ikivuma, tope hilo husukumwa kusini hadi ghuba yetu. Mafuriko ya vuli yakikutana na kaskazi, fungu la mchanga huziba mlango. Bamvua, yale maji makuu ya bahari ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, ikijaa wakati mvua inanyesha, maji ya kijito hayana njia, hurudi nyuma na kuingia majumbani. Kulifungua fungu hilo ni kazi ya kila msimu, kwa hiyo iombewe fedha za matunzo za kila mwaka. Mradi wa mara moja hautoshi.

Gabioni, yale masanduku ya waya yanayojazwa mawe, tuwe nazo makini. Sanduku la mita 2 kwa 1 kwa 1 hula mita 2 za ujazo za mawe. Karibu na chumvi, waya uwe na ganda la plastiki. Mawe ya matumbawe yanapatikana jirani, lakini ni mepesi na husagika. Tutake mawe magumu, makubwa kuliko tundu la waya. Nyuma yake kiwekwe kitambaa cha kuchuja, na chini mkeka wa mawe uliotangulia mbele ya ukuta. Ukuta usio na mkeka huanguka kifudifudi maji yanapokula mchanga wa chini yake.

Sasa milango ya kubisha. Maji ya mvua mjini ni kazi ya kaunti, kwa Jedwali la Nne la Katiba. Kalavati za barabara kuu ya Mombasa ni za KeNHA, mamlaka ya taifa ya barabara kuu. Barua ya kalavati hizo ikipelekwa kaunti hulala. Mfuko wa dharura wa kaunti ni wa maafa yasiyotazamiwa, na mtaro ulioziba tangu mwaka jana ulitazamiwa. Miradi ya FLLoCA, mpango wa kufadhili kazi za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, hupitia kamati ya wadi, na nataka wanachama wetu wahudhurie vikao hivyo na vipimo mkononi.

Kwa mwaka wa fedha 2026/2027, maombi yetu lazima yafike kabla ya 1 Septemba 2025. Kila mtaa ulete upana wa mtaro, kimo cha tope, kipenyo cha kalavati na picha mbili: moja maji yakiwa yamepwa, moja bamvua ikiwa imejaa, na kijiti cha mita moja kimesimamishwa mahali palepale katika picha zote mbili.