Kuitengeneza pama ya felti kwa mkono

Mwanangu,

Marahaba. Hiyo pama uliyoipata sokoni Karume bado nzima, ila imebondeka, na utaitengeneza mwenyewe hapo hapo jikoni. Usimpe dobi aliyezoea kofia za kiua. Ataitia wanga na kuivika kwenye faroma, kile kibao cha kunyooshea kofia, na faroma ni bapa juu na imenyooka ubavuni. Itarudi ngumu, ina madoa meupe, na haifanani na pama tena.

Anza kwa kujua imetengenezwa kwa nini. Felti ya kweli haikufumwa. Ni nywele za mnyama zilizobanwa kwa joto, unyevu na msuguano mpaka zikashikana, maana kila unywele una magamba madogo yanayong'ang'ania mwenzake. Lebo ikiwa imefutika, chomoa nyuzi chache chini ya mkanda wa ngozi wa ndani uziunguze. Zikinuka kama nywele zilizoungua, ni manyoya ya sungura au sufu ya kondoo. Zikiyeyuka na kuwa kidonge kigumu, ni plastiki, na hapo usitegemee makubwa. Felti ya sungura ni nyembamba na nyororo, nayo hushika mkunjo upesi. Ya sufu ni nene, inakwaruza kidogo, na hupenda kurudi ilikotoka, kwa hiyo utairudia mara mbili au tatu. Jambo moja la tahadhari: zamani manyoya ya sungura yalitayarishwa kwa zebaki, ambayo ni sumu, na Marekani waliacha kuitumia kwenye kofia mwaka 1941. Ukikutana na kofia ya umri huo, usiifukize kwa mvuke ndani ya nyumba.

Piga brashi kwanza, kavu, brashi ya nywele laini, ukizunguka kinyume cha mshale wa saa. Vumbi likikutana na mvuke linazama ndani ya felti, na halitoki tena.

Birika lenye mdomo mwembamba ndilo zuri kuliko sufuria, kwa sababu unaweza kuulenga mvuke. La umeme linajizima lenyewe. Mengi ukiyaacha kifuniko wazi yanaendelea kuchemka, ila usiache maji yaishe. Geuza mkanda wa ngozi utoke nje, uning'inie chini ya ukingo. Ngozi ikipigwa mvuke husinyaa, na ikisinyaa huvuta felti pamoja nayo: kofia ya 58, yaani sentimita za mzunguko wa kichwa, inakuwa 57, na hapo kichwa chako hakiingii. Kwa hiyo mvuke upige kofia kwa nje, usiujaze ndani.

Sasa futa umbo la zamani. Shika kofia sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomo wa birika, izungushe kwa nusu dakika hivi mpaka felti iwe na joto na ilegee mkononi, isiwe imelowa. Ingiza ngumi ndani usukume juu taratibu mpaka kofia iwe duara kama kuba. Tazama mistari ya mikunjo ya zamani kwenye mwanga wa dirisha. Kama jua limepausha mgongo wa mkunjo, mstari huo hauondoki kwa mvuke. Hapo busara ni kufuata mikunjo ile ile ya mwanzo, hata kama uliitaka mingine.

Hakikisha unajua mbele ni wapi. Mshono wa mkanda wa ngozi hukaa nyuma, na kwenye kofia ya kiume fundo la utepe wa nje hukaa kushoto kwa mvaaji.

Bonde la katikati ndilo la kwanza. Fukiza juu ya kuba sekunde 10 hadi 15, weka kofia mezani, kisha laza ubavu wa kiganja kutoka mbele kwenda nyuma na ubonyeze kidogo. Inua, tazama, fukiza tena, bonyeza tena. Usitumie ncha za vidole. Zinaacha vishimo ambavyo utavipigania jioni nzima. Ukitaka umbo la tone la maji, panua bonde upande wa nyuma na ulifanye jembamba mbele. Kuba la sentimita 14 likishabonyezwa hubaki kama 11 katikati ya bonde. Usizidishe. Vaa kofia ujaribu: kati ya utosi na felti ipite nafasi ya kidole. Utosi ukigusa, kofia itapanda na kukaa juu ya kichwa badala ya kukishika, na kila ukitembea bonde litasukumwa juu.

Mibonyeo miwili ya mbele ndiyo inayoharibiwa na wengi. Watu hubana kwa kidole gumba na cha shahada, kama wanaochuna ngozi, na kupata pua kali mbele ya kofia. Felti iliyokunjwa kwa ncha kali huchakaa pale pale na mwisho hutoboka. Wewe fukiza upande mmoja, weka vidole vinne vya mkono mmoja ndani ya kuba vipokee, na kwa nje sukuma kwa tumbo la kidole gumba cha mkono wa pili. Bonyeo lianze juu kidogo ya nusu ya kimo na lififie kabla ya kufika kwenye utepe. Upande wa pili fanya vivyo hivyo, kisha simama mbele ya kioo. Kioo kinaonyesha upogo ambao jicho lako limeshauzoea.

Ukingo ni rahisi. Fukiza sehemu ya mbele, kutoka sikio hadi sikio, uvute chini kwa vidole gumba, nyuma uuinue. Ukiwa na mawimbi, weka juu ya ubao kitambaa cha pamba chenye unyevu, kandamiza pasi ya joto la wastani sekunde tatu, inua, sogea. Usiikokote, na pasi isiguse felti, itaacha mng'ao.

Mvuke hulegeza tu. Kinachoshikilia umbo ni kupoa. Ukishamaliza usiiguse nusu saa, na usiivae mpaka kesho yake. Ikaushe kivulini, feni ikiwa mbali. Ilaze kichwa chini, juu ya bakuli pana, kwa sababu ikikaa kwa ukingo, ule mkunjo wa mbele ulioufanyia kazi unanyooka.

Hapo Dar unyevu ni mwingi, kwa hiyo usiifunge kwenye mfuko wa plastiki, itaota ukungu. Sanduku la karatasi ngumu linatosha, na uweke nafthalini kwenye kifuko, isigusane na felti, maana viwavi wa nondo hula sufu na manyoya vilevile. Kuishika, shika ukingo mbele na nyuma kwa mikono miwili. Mvua ikikunyeshea, kung'uta, geuza mkanda wa ngozi nje, uiache ikauke polepole mbali na jiko. Maji yakishaingia hadi chini ya utepe, umbo la mbele utalirudia tena kwa birika.

Wasalimie wenzako.

Baba yako