Cheti kilicho kwenye bati la biskuti

Makina, Kibra, Nairobi
13 Desemba 2025

Mwanangu Idris,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo. Baba yako anakusalimu, na haboba, nyanya yako, anasema umletee halua ya Mombasa, ile nyeusi, si ile ya marangi.

Juzi ulipopiga simu ukaniuliza, "Mama, mimi ni nanga?" nilisema sufuria inaungua, nikakata. Hakukuwa na sufuria. Nilikuwa nimekaa kitandani na simu mkononi, mwanamke mzima wa miaka 49, namkimbia mtoto wangu. Jana ilikuwa Jamhuri, nikashinda nyumbani, nikaona heri niandike tu. Mambo haya si ya simu, na mjomba wako huwa anasikiliza.

Neno lenyewe nalijua. Wanamaanisha mtoto aliyezaliwa Marekani na mama aliyekwenda huko kwa kusudi hilo: mtoto anatupwa majini kama nanga ili meli ya wazazi ipate pa kutia. Mimi hapo nacheka. Nanga gani inayongojewa miaka 21? Kwa sheria yao, mtoto hawezi kumwombea mzazi wake makazi mpaka afikishe umri huo. Wewe umetimiza 18 juzi tarehe 3. Meli yangu imekaa Kibra hii miaka yote na haina dalili ya kung'oa.

Lakini najua hukuuliza habari za sheria. Ulitaka kujua kama nilikuzaa kwa hesabu. Nilifanya hesabu, ndiyo. Sasa nisikilize.

Mwaka 2007 nilikuwa karani wa hesabu katika duka la vipuri Industrial Area. Nilipokwenda kuomba viza, mimba ilikuwa ya miezi minne, nikavaa dera pana la maua makubwa, lile ambalo haboba hulitumia sasa kufunikia cherehani. Afisa wa dirishani aliniuliza naenda kufanya nini. Nikasema namtembelea binamu yangu Houston. Ni kweli binamu alikuwepo, na ni kweli nilimtembelea. Ile nusu nyingine ya ukweli niliiacha ndani ya dera.

Nataka ujue kosa lilikuwa wapi, maana watu hulichanganya. Kuzaa kule hakukuwa jinai wakati huo, na hata leo si jinai. Kosa ni kudanganya kuhusu safari. Mwaka 2019 waendesha mashtaka huko California waliwashtaki watu waliokuwa wakiendesha nyumba za kupokea akina mama wajawazito kutoka China, na mashtaka yalihusu uongo wa viza na njia za pesa. Hakuna mama aliyeshtakiwa kwa kujifungua. Mwaka uliofuata, Januari 2020, wakaweka kanuni kwamba afisa akiona shabaha kuu ya safari ni kumpatia mtoto uraia, amnyime mtu viza ya utalii. Mimi nilipita kabla ya kanuni hiyo. Nilipita, lakini nilipita nimeinamisha macho, na hilo halina kanuni.

Baba yako aliuza kiwanja cha Kitengela. Hospitali tulilipa wenyewe, shilingi kwa shilingi, na risiti ninazo. Hatukuacha deni kwa mtu.

Sasa siku ya pili baada ya wewe kuzaliwa, akaja mama mmoja chumbani anasukuma kijigari chenye makaratasi. Anataka kujaza fomu ya cheti chako. Jina la mtoto. Jina la mama. Mama alizaliwa wapi? Mwanangu, jasho lilinitoka. Nikauvuta mkoba chini ya kitanda, nikaanza kumtolea vitu juu ya shuka: cheti changu cha kuzaliwa cha hospitali ya Pumwani, cheti cha kumaliza shule, nakala ya kipande (kitambulisho) cha babu yako, barua ya chifu iliyokunjwa mpaka ikachanika kati. Nilivibeba vyote kutoka Nairobi hadi Texas bila hata kujua kwa nini. Yule mama akaniangalia, akasema, "Hapana, niambie tu." Nikasema: Nairobi, Kenya. Akaandika. Akageuza ukurasa.

Idris, karatasi ya kwanza kukubali kwamba mimi nimezaliwa Kenya kwa sababu tu nimesema hivyo iliandikwa Houston.

Ungejua nilikotoka ungeelewa hilo jasho. Nilizaliwa Pumwani mwaka 1976. Katiba tuliyoipata na uhuru ilisema anayezaliwa kwenye ardhi hii ni wa hapa. Mwaka 1985 bunge likaibadilisha: udongo peke yake hautoshi, lazima mzazi mmoja awe raia. Na hawakuanzia siku ile, waliirudisha nyuma mpaka uhuru wenyewe, 1963. Nilikuwa na miaka tisa. Nililala raia wa udongo nikaamka raia wa wazazi, na hakuna aliyepita nyumbani kutuambia.

Wazazi wangu vipande walikuwa navyo, alhamdulillahi. Lakini Mnubi, kama sisi, hakuwa anaamini kipande cha babake kitamtosha. Nilipofikisha 18 wenzangu wa darasani, Wanjiru na Akinyi, walikwenda kuandikishwa wakarudi na karatasi ya kungojea siku ileile. Mimi nikaambiwa ningoje kamati ya kupigwa msasa, ambayo inakaa siku fulani, na siku hiyo ikifika haikai. Nilipoipata, mzee mmoja aliniuliza: "Babu yako alitoka wapi?" Nikasema Kibra. "Na babake?" Babake ndiye aliyekuja na sare ya jeshi la Mwingereza, kutoka Sudan, wakampa mahali hapa palipokuwa msitu mtupu. Mzee akaandika jambo kwenye daftari lake, akaniambia nirudi. Nilirudi kwa mwaka mmoja na miezi minane. Kazi ya kwanza niliyopata ilinipita kwa sababu hiyo.

Basi nilipokubeba tumboni, hesabu yangu ilikuwa hii: nitampeleka mtoto wangu mahali ambapo hakuna mtu atakayemuuliza babu yake alitoka wapi. Sikutaka nyumba Texas. Mali haikunipeleka. Nilikuwa nakimbia lile swali.

Ndiyo maana habari za mwaka huu zimenikaa kifuani. Umesoma, lakini acha nikupangie, kwa sababu kwenye simu zenu mambo huja vipande vipande.

Marekani walikuwa na kesi mwaka 1857, ya mtu aliyeitwa Dred Scott, ambamo mahakama yao ilisema watu weusi hawawezi kuwa raia, hata wale walio huru. Wakapigana vita vyao, utumwa ukaisha, na mwaka 1868 wakaandika kwenye katiba, Marekebisho ya 14, kwamba aliyezaliwa kwao na aliye chini ya mamlaka ya nchi hiyo ni raia. Waliandika hivyo ili asitokee tena mtu wa kumuuliza mtoto wa mtumwa habari za babu. Miaka 30 baadaye ikaja kesi ya Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco na wazazi Wachina. (Mpishi, kama babu yako pale kambini Lang'ata, Mungu amrehemu.) Alikwenda China kutembea, aliporudi wakamzuia, wakamweka kwenye meli bandarini kwa miezi. Mwaka 1898 mahakama ikaamua ni raia. Waliobaki nje ni wachache, kama watoto wa mabalozi. Tangu hapo mlango umekuwa wazi, na mimi niliupitia na tiketi ya ndege. Sheria ya watoto wa watumwa, nami nikaitumia kama mtu aliyeona bei nzuri soko la Toi. Hilo linaniumiza kuliko neno nanga.

Januari 20 mwaka huu, siku ileile aliyoapishwa, Trump alitia saini amri kwamba mtoto asitambuliwe kuwa raia ikiwa mama yuko nchini bila kibali, au yuko kwa kibali cha muda tu, na baba si raia wala mkaazi wa kudumu. Angalia hicho kifungu cha pili. Mama wa kibali cha muda. Ni mimi yule, na dera langu.

Siku tatu baadaye jaji wa Seattle akaisimamisha, akisema inaipinga katiba waziwazi. Mwezi Juni Mahakama ya Juu ikapunguza uwezo wa jaji mmoja kusimamisha amri nchi nzima, bila kugusa suala lenyewe la uraia. Julai jaji mwingine, New Hampshire, akaisimamisha tena kwa njia ya kesi ya pamoja ya watoto. Na Ijumaa ya wiki iliyopita, siku mbili baada ya birthdei yako, Mahakama ya Juu ikakubali kuisikiliza kesi hiyo. Kwa hiyo mpaka leo amri haijafanya kazi hata siku moja, na sasa majaji tisa wataamua maneno "chini ya mamlaka" yanamaanisha nini.

Usiwachukulie wote wanaoitetea kuwa ni watu wa chuki. Wengine wanasema: mtu aliyekuja wiki kumi kisha akaondoka na cheti, ameifungamania nini nchi hii? Ni swali la haki, na mfano wao bora ni mama yako. Nchi nyingine zilifika huko. Uingereza iliacha uraia wa kuzaliwa tu mwaka 1983. Ireland iliwauliza wananchi kwa kura mwaka 2004, na asilimia 79 wakakubali kubadilisha. Nami naona kuna tofauti kubwa kati ya kuliuliza taifa zima na kutia saini asubuhi moja mezani.

Amri yenyewe inasema inawahusu wanaozaliwa siku 30 baada ya kusainiwa. Wewe haikugusi. Kichwa changu kimekubali. Ila tumbo langu ni la mwaka 1985, limeshaona sheria ikirudi nyuma, na haliamini.

Binamu yako Zuhura ana mimba ya miezi mitatu na ameniuliza njia. Nimemwambia ukweli: sina uso wa kumkataza, lakini akienda dirishani asiseme anamtembelea binamu. Akinyimwa viza kwa kusema kweli, atakuwa amenyimwa viza tu.

Sasa mambo yako ya hapa. Ulipozaliwa, kwa katiba ya zamani, mtoto wa ndoa aliyezaliwa nje alipata uraia wa Kenya kwa baba peke yake. Mimi niliyekubeba miezi tisa sikuhesabika. Tena ilikuwa ukifika 21 uchague nchi moja. Tarehe 4 Agosti 2010 nilikubeba mgongoni kwenye foleni ya kura, una miaka miwili na nusu, unalilia karanga za mtu wa mbele yetu. Nilipiga kura ya ndiyo. Sasa mama anarithisha kama baba, popote mtoto anapozaliwa, na uraia wa pili haukuondolei wa kwanza. Wewe ni Mkenya wa kuzaliwa ingawa hukuzaliwa hapa. Mwaka uliofuata, kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto ikasema Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi kwa kuwangojesha hadi miaka 18 ndipo wahangaikie uraia. Nilikata habari hiyo gazetini, iko pamoja na cheti chako kwenye bati la biskuti.

Kwa hiyo ukirudi tunakwenda kuchukua kipande. Wakikuuliza babu wa babu alitoka wapi, jibu kwa adabu, jibu yote. Usiitoe ile pasipoti ya Marekani mfukoni kama mtu anayechomoa panga. Ahmed wa jirani hana pasipoti hiyo na ana uso uleule kama wako.

Mambo ya Marekani nayo yana mzigo wake. Wanawatoza kodi raia wao hata wakiishi nje, kwa hiyo ukianza kupata mshahara utawaandikia hesabu kila mwaka, hata kama huna cha kulipa. Ukitaka ubunge siku moja, mawakili watakula pesa zako kwenye Ibara ya 78 ya katiba yetu, ile inayowakataza viongozi kuwa na uraia wa nchi mbili. Na kuna hili la haraka: kijana wa kiume raia wao akitimiza 18 anatakiwa ajiandikishe ndani ya siku 30 kwenye daftari la wanaoweza kuitwa jeshini, hata akiwa anaishi nje. Hawajamwita mtu kwa lazima tangu 1973, lakini daftari ni daftari. Siku zako zinaisha tarehe 2 Januari. Njoo na treni ya tarehe 28, mjomba asikucheleweshe na samaki wake.

Jana usiku nilimweleza haboba habari ya daftari hilo. Alikuwa anasuka kawa jipya. Alinyamaza, akavuta ukindu mmoja, akaupitisha, akaukaza kwa meno. Kisha akauliza, "Jeshi la wageni tena?"

Halua usisahau.

Mama yako